Kwa nini Akt hupanda pale keratinosaiti inapoanza kukomaa?

mwanafunzi_wa_uzamili

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasomea biolojia ya seli, na utafiti wangu unahusu keratinosaiti za binadamu, yaani seli zinazounda sehemu kubwa ya epidemisi, tabaka la nje la ngozi. Nimekwama mahali pamoja na ningeomba wenye ujuzi wanisaidie kabla sijapanga majaribio yangu.

Vitabu vinaieleza njia ya PI3K na Akt kuwa ni njia ya uhai. Kichochezi cha ukuaji kinaposhika kipokezi chake kwenye utando wa seli, kimeng'enya PI3K huamka, kimeng'enya kingine kiitwacho Akt hutiwa fosfati, yaani huamshwa, na Akt nayo huzidhibiti protini zinazoisukuma seli kujiua, kama vile Bad na FOXO. Hadi hapo sina shida. Shida inaanza nikiitazama keratinosaiti yenyewe. Seli hii huzaliwa katika tabaka la chini, juu ya utando wa msingi. Ikishaondoka hapo huacha kugawanyika, hupanda tabaka kwa tabaka, hupoteza kiini chake, na mwishowe huwa gamba lisilo na uhai ambalo hubanduka. Ningetazamia kwamba ishara ya uhai ingezimwa mara tu safari hiyo inapoanza. Lakini ripoti za maabara zinaonyesha kwamba keratinosaiti zikiongezewa kalsiamu ili zikomae, Akt iliyotiwa fosfati huongezeka.

La pili linafanana na hilo. Seli nyingi za mwili zikibanduliwa kutoka mahali zilipojishikiza hufa kwa apoptosisi, yaani hujiua kwa mpangilio. Keratinosaiti za binadamu zikiwekwa zielee katika kioevu kizito, nyingi zinaanza kukomaa badala ya kufa papo hapo. Je, kubanduka ni ishara ya kifo au ni ishara ya ukomavu? Na ERK (kimeng'enya kingine cha kupeleka ishara ndani ya seli), ambayo mwalimu mmoja ananiambia ni ya kugawanyika na mwingine ananiambia ni ya kukomaa, niiweke upande gani?

mhadhiri_seli

Ndugu yangu, ugumu unaouona unatokana na kuvihesabu vifo viwili vya keratinosaiti kana kwamba ni kimoja. Ukivitenganisha, kupanda kwa Akt kutaonekana ni jambo la lazima kabisa.

Apoptosisi ni kazi ya saa chache. Mitokondria huvujisha saitokromu c, kimeng'enya cha kukata protini kiitwacho kaspasi ya 9 huamsha kaspasi ya 3, seli husinyaa, hukatika vipande, na vipande hivyo humezwa na majirani. Mwisho wake hakibaki kitu. Kifo cha ukomavu ni tofauti kwa kila hatua. Kuanzia keratinosaiti inapoliacha tabaka la chini hadi ifike kwenye tabaka la magamba hupita takriban wiki mbili, na katika muda huo seli hufanya kazi kubwa ya ujenzi. Huacha kutengeneza protini za nyuzi ziitwazo keratini ya 5 na ya 14, huanza kutengeneza keratini ya 1 na ya 10. Baadaye hutengeneza protini za involukrini na lorikrini, ambazo kimeng'enya transglutaminesi ya 1 huziunganisha kwa vifungo vya kudumu chini ya utando wa seli, hata pakawa na ganda gumu mahali ambapo utando ulikuwa. Katika tabaka la chembechembe, lililo chini ya magamba, hutokea protini ya profilagrini, ambayo hukatwa kuwa filagrini na kuzibana nyuzi za keratini pamoja. Wakati huo huo seli humwaga nje seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta zinazojaza nafasi baina ya magamba na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Ni baada ya kazi hiyo yote ndipo kiini na viungo vingine vya ndani huvunjwa.

Sasa fikiria seli inayokufa kwa apoptosisi katikati ya safari hiyo. Haiachi ganda, haiachi mafuta, inaacha pengo. Kwa hiyo keratinosaiti inayokomaa ina haja ya kulindwa dhidi ya apoptosisi pengine kuliko ile iliyobaki chini, maana ikifa kabla ya wakati ngozi yote inayoitegemea inavuja. Ushahidi wa moja kwa moja upo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, keratinosaiti za panya zilichochewa kukomaa huku PI3K ikizuiwa kwa dawa, na zilikwenda kufa badala ya kukomaa; Akt ilipoamshwa zaidi, ukomavu ulisogea mbele. Njia hiyo hiyo ya uhai ndiyo iliyokuwa ikiipa seli nafasi ya kumaliza kujenga.

Hata kaspasi zenyewe zina habari yake hapa. Epidemisi ina kaspasi ya 14, ambayo haishiriki katika apoptosisi. Kazi yake inayojulikana vizuri ni kusaidia kuchakata filagrini, na panya wasio nayo huwa na ngozi inayopoteza maji kwa urahisi na inayoumizwa zaidi na mionzi ya UVB ya jua. Nimeitaja kwa sababu wanafunzi wengi wakiona neno kaspasi kwenye matokeo yao huandika mara moja kwamba seli zilijiua.

Nirudi kwenye kalsiamu, kwa kuwa ndiyo utakayoitumia. Mwaka 1980 Henry Hennings, Stuart Yuspa na wenzao nchini Marekani walionyesha kwamba keratinosaiti za panya zikioteshwa katika kioevu chenye kalsiamu kidogo, karibu milimoli 0.05 kwa lita, huendelea kugawanyika zikiwa tabaka moja. Kalsiamu ikipandishwa kupita milimoli 0.1, huacha kugawanyika na kuanza kukomaa. Kwa seli za binadamu watafiti wengi hupandisha hadi milimoli 1.2 au zaidi. Ukizitazama kwa hadubini, badiliko la kwanza linaonekana ndani ya saa chache: seli zilizokuwa zimetengana, zenye mipaka ya kung'aa, hulala bapa, hukaribiana, na mipaka baina yao hufifia hadi zionekane kama sakafu moja iliyoungana. Siku zinazofuata nyingine huanza kupanda juu ya wenzake.

Kinachotokea ndani yake ni mfuatano wa ishara ambao kila hatua inahitaji ile iliyotangulia. Kalsiamu ya nje hukiamsha kipokezi maalumu cha kalsiamu kwenye utando, na wakati huo huo huziwezesha molekuli za E-kadherini za seli mbili jirani kushikana, kwa kuwa E-kadherini isiyo na kalsiamu haina umbo la kushika chochote. Mahali pa kushikana panakusanya kinasi (vimeng'enya vinavyotia fosfati) za jamii ya Src, EGFR, yaani kipokezi cha kichochezi cha ukuaji EGF, pamoja na PI3K. PI3K hutengeneza fosfolipidi ambayo Akt huifuata kwenye utando na kuamshwa hapo. Fosfolipidi hiyo hiyo hukiamsha kimeng'enya jirani, fosfolipesi C-gama 1, ambacho hufungua akiba ya kalsiamu iliyo ndani ya seli na kuziamsha protini kinasi C zinazosukuma jeni za ukomavu. Tazama kwamba ulinzi na ukomavu vinatoka mahali pamoja. Seli haiwezi kupokea amri ya kukomaa kwa njia hii pasipo kupokea pia ruhusa ya kuishi hadi ikamilishe.

Kuhusu kubanduka: keratinosaiti iliyo chini hujishikiza kwenye laminini-332, protini ya utando wa msingi, kwa vipokezi vya kujishikiza viitwavyo integrini alfa-6-beta-4 na alfa-3-beta-1, na integrini hizo hutuma ndani habari kwamba seli bado ipo mahali pake. Mtafiti Howard Green alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba seli za binadamu zikielea katika methiliselulosi, kile kioevu kizito, hupoteza uwezo wa kugawanyika na kuanza kukomaa. Mwaka 1989 Josephine Adams na Fiona Watt waliongeza fibronektini, protini ambayo integrini huishika, katika kioevu hicho, na ukomavu ukazuiwa ingawa seli zilikuwa bado zinaelea. Hapo ndipo ilipobainika kwamba integrini iliyopata kitu cha kushika inatosha kuizuia seli isikomae. Katika jaribio lingine, seli zilizowekwa juu ya visiwa vidogo sana vya kushikilia, zisiweze kujitandaza, zilikomaa zaidi kuliko zile zilizopata nafasi. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba keratinosaiti imejifunza kuusoma mbanduko kama amri ya kupanda juu, ili mradi njia ya Akt inafanya kazi.

ERK nitaijibu kwa ufupi: usiiweke upande wowote. Inategemea nguvu ya ishara, muda wake na jinsi inavyopandapanda. Watafiti walioifuatilia ERK katika seli hai za epidemisi ya binadamu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, waliona kwamba inawaka na kuzimika kwa mapigo, na kwamba kiwango chake cha chini cha kudumu na mapigo yake yana maana tofauti kwa seli. Ukipima kwa kuponda seli milioni moja kwa pamoja hutayaona mapigo hayo.

mwanafunzi_wa_uzamili

Mwalimu, nakushukuru sana. Sasa naona kwamba nilikuwa nikiuliza swali kwa namna isiyofaa.

Naomba kuongeza jambo. Haya ya kalsiamu yanafanyika kwenye sahani, ambako sisi ndio tunaoimimina. Katika ngozi ya mtu halisi, je, kuna tofauti hiyo ya kalsiamu baina ya chini na juu, na kuna ugonjwa wowote unaoonyesha kwamba mnyororo huu ukikatika mahali fulani ngozi inaharibika kwa namna unayoweza kuitabiri?

daktari_wa_ngozi

Habari zenu. Nimefuatilia mazungumzo haya kwa furaha kubwa, maana ni nadra kuyaona mambo haya yakijadiliwa kwa Kiswahili kwa kina. Nijibu upande wa wagonjwa.

Tofauti hiyo ipo. Kalsiamu katika epidemisi yenye afya ni kidogo katika tabaka la chini na huongezeka kuelekea juu hadi kufikia kilele katika tabaka la chembechembe, kisha hupungua katika magamba. Kizuizi cha ngozi kikiharibiwa, mpangilio huo hupotea kwa muda na hurejea kizuizi kinapopona.

Ugonjwa unaouliza upo pia, tena ni miwili, na ukiiweka pamoja inafundisha sana. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba ugonjwa wa Darier unatokana na hitilafu katika jeni ATP2A2, ambayo hutoa pampu inayorudisha kalsiamu kwenye akiba ya retikulamu endoplazma. Mwaka uliofuata ikagunduliwa kwamba ugonjwa wa Hailey-Hailey unatokana na ATP2C1, pampu ya kalsiamu ya vifuko vya Golgi. Katika magonjwa yote mawili akiba ya ndani haijazwi ipasavyo, na keratinosaiti zinaachana. Mgonjwa wa Darier huja na vipele vigumu vyenye mafuta kifuani, mgongoni, pembezoni mwa nywele. Joto, jasho na jua huvizidisha. Angalia kucha zake: utaona mistari myekundu na myeupe iliyolala kwa urefu, na ncha ya ukucha imekatika kwa umbo la herufi V. Ukichukua kipande cha ngozi na kukitazama, unakuta seli mojamoja za mviringo, zimeachana na wenzake na zimekuwa magamba zikiwa bado katikati ya epidemisi. Seli hizo zilipokea amri ya kukomaa zikiwa peke yake, pasipo majirani, mahali pasipostahili. Mhadhiri ameeleza kwamba ulinzi na ukomavu vinatoka mahali pa kushikana. Huu ndio ugonjwa wa mahali hapo.

Jambo la pili ninaliona kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na ya mapafu wanaotumia dawa zinazozuia EGFR, kama vile cetuximab na erlotinib. Mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo hutokewa na vipele vyenye usaha usoni, kichwani na kifuani, vinavyofanana na chunusi lakini si chunusi. Baada ya miezi ngozi hukauka na kupasuka, na kingo za kucha huvimba. Sababu yake inatoka moja kwa moja kwenye mnyororo wenu: kipokezi kile kile ambacho dawa inakizuia katika uvimbe ndicho kinachoziambia keratinosaiti za tabaka la chini zigawanyike na zisubiri. Kikizuiwa, seli huacha kugawanyika, huanza kutengeneza keratini ya 1 mapema, na humwaga kemikali zinazoziita chembe nyeupe za damu. Kwa dawa hizi, wagonjwa wenye vipele vingi mara nyingi ndio ambao saratani yao inaisikia dawa zaidi, na kwa sababu hiyo nawasihi wagonjwa wasiiache dawa kwa uamuzi wao wenyewe. Vipele vinatibika, mara nyingi huanzishiwa doxycycline pamoja na mafuta ya kulainisha ngozi.

Tatu ni njia ambayo haijatajwa bado, nayo ni Notch. Katika epidemisi Notch huisukuma seli iliyoondoka tabaka la chini iendelee kukomaa na isirudi nyuma. Dawa ya semagacestat ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer kwa sababu inazuia kimeng'enya gama-sekretesi. Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachoifungulia Notch iende kwenye kiini. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2010. Hali za wagonjwa hazikuwa bora, zilizidi kuwa mbaya, na saratani za ngozi ziliongezeka miongoni mwa waliopewa dawa. Dawa iliyokusudiwa ubongo ilionyesha ngozini kwamba ishara ya kukomaa ni kinga dhidi ya saratani.

Mwisho nitaje mtoto mmoja wa miaka 7 aliyetibiwa Bochum, Ujerumani, mwaka 2015. Alikuwa na aina ya epidemolisisi ya malengelenge, ugonjwa wa ngozi kubanduka kirahisi, inayotokana na hitilafu katika LAMB3, jeni ya sehemu moja ya ile laminini-332. Sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa imebanduka. Timu ya Michele De Luca kutoka Modena, Italia, ilichukua kipande kidogo cha ngozi yake, ikaziotesha keratinosaiti, ikaziingizia jeni isiyo na hitilafu, na vipande vilivyooteshwa vikapandikizwa hadi kufikia karibu asilimia 80 ya ngozi ya mwili wake. Ripoti ilichapishwa mwaka 2017. Kwa kuwa jeni iliingia mahali tofauti katika kila seli, waliweza kufuatilia nani amezaa nani, na wakaona kwamba baada ya miezi ngozi yote ilitunzwa na kundi dogo la seli shina (zinazozaa seli nyingine) zinazoishi muda mrefu. Kazi iliyofuata, ya mwaka 2019, ilionyesha kwamba pasipo laminini-332 protini YAP haifanyi kazi ipasavyo katika kiini na seli shina hizo hupungua. Yaani mgonjwa anapoteza kishikio, na pamoja nacho anapoteza ishara inayozihifadhi seli za kumponya. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mahali seli iliposimama panavyoamua uhai wake.

mtafiti_wa_mionzi

Naomba niongeze upande ambao ulinzi dhidi ya kifo unageuka kuwa hatari, kwa sababu mtu akisoma hadi hapa anaweza kudhani kwamba kila ishara ya kuishi ni njema kwa ngozi.

Mionzi ya UVB ikipiga keratinosaiti, besi mbili jirani katika DNA hushikamana isivyotakiwa. Seli husimamisha mgawanyiko kwa msaada wa protini p53 ili irekebishe. Uharibifu ukizidi, p53 huipeleka kwenye apoptosisi, na hizo ndizo seli zilizosinyaa, zenye rangi ya waridi kali, ambazo mtaalamu wa patholojia huziona katika ngozi iliyochomwa na jua. Douglas Brash na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba panya waliopungukiwa p53 hupata seli chache za aina hiyo. Maana yake ni kwamba seli zilizoharibika zimebaki hai, tena zikiwa na nafasi ya kuenea kila majirani wenye p53 nzima wanapokufa kwa jua la kesho. Mwaka 2015 uchunguzi wa ngozi ya kope za watu wasio na saratani ulikuta kwamba takriban robo ya seli zilikuwa tayari zimebeba mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na saratani, na NOTCH1, ambayo daktari ameitaja, ilikuwa miongoni mwa jeni zilizobadilika mara nyingi zaidi.

Ishara ya p53 ina tawi jingine linalotuhusu sana Afrika Mashariki. Timu ya David Fisher ilionyesha mwaka 2007 kwamba p53 katika keratinosaiti iliyopigwa na jua huwasha jeni POMC, ambayo hutoa homoni ya alfa-MSH. Homoni hiyo hutoka na kushika kipokezi MC1R cha melanosaiti jirani, seli inayotengeneza rangi ya ngozi; ndani yake molekuli ya ishara cAMP hupanda, protini MITF huamka, melanini (rangi yenyewe) hutengenezwa na kurudishwa kwa keratinosaiti, ambako hukaa juu ya kiini upande wa jua. Mtu mwenye ualbino anaweza kuwa na mnyororo huu mzima isipokuwa hatua ya mwisho. Aina iliyoenea zaidi kwetu inatokana na jeni OCA2, na kwa Watanzania wengi wenye ualbino ni upungufu ule ule wa kipande cha jozi elfu 2.7 za besi unaopatikana pia katika jamii nyingine za Wabantu. Keratinosaiti inaomba, melanosaiti inasikia, lakini melanini haitoki ya kutosha. Seli za tabaka la chini zinabaki kutegemea urekebishaji wa DNA na p53 peke yake, siku baada ya siku, chini ya jua la ikweta, na kwa hiyo saratani ya seli bapa huwajia usoni, masikioni na shingoni wakiwa bado vijana.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kinga yake inajulikana na si ya gharama ya kutisha: kofia pana, mikono mirefu, kukaa kivulini mchana, na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa Moshi kwa ajili yao. Mtoto aliyeanza kukingwa tangu akiwa mdogo anaipa p53 yake kazi inayoimudu.

mwanafunzi_wa_uzamili

Nawashukuru nyote kwa moyo wote. Nimepanga kupandisha kalsiamu kutoka milimoli 0.06 hadi 1.2, nusu ya sahani zikiwa na kizuizi cha PI3K, kisha kupima involukrini na Akt iliyotiwa fosfati baada ya saa 24. Je, mpango huo unatosha kuonyesha kwamba Akt inaihifadhi seli ili ikomae?

mhadhiri_seli

Hautoshi, lakini hauhitaji kubadilishwa sana.

Kwanza, ukipima involukrini peke yake na ukaikuta imepungua pale ulipozuia PI3K, hutajua kama seli zilikataa kukomaa au zilikufa kabla hazijafika huko. Pima kwenye seli zile zile kaspasi ya 3 iliyokatwa, kwa kingamwili inayotambua kipande kilichokatwa tu, pamoja na keratini ya 10. Zitazame mojamoja kwa hadubini ya mwangaza, usitegemee kuziponda tu. Ukiona seli zenye keratini ya 10 na zile zenye kaspasi iliyokatwa ni makundi mawili tofauti, na kizuizi kinalihamisha kundi la kwanza kwenda la pili, hapo una la kusema.

Pili, usipime saa 24 peke yake. Akt hupanda mapema sana baada ya kalsiamu, na keratini ya 10 huja baadaye. Chukua vipimo vya dakika za mwanzo, kisha saa 6, 24, 48 na 72. Kizuizi kama LY294002 huathiri pia vimeng'enya vingine, kwa hiyo weka cha pili cha aina tofauti, au uipunguze Akt kwa RNA fupi za kuzima jeni, ili matokeo yasitegemee dawa moja.

Tatu, angalia wingi wa seli. Keratinosaiti zikijaa sahani huanza kukomaa hata kama kalsiamu ni ndogo, kwa sababu zinabanana na kupoteza nafasi ya kujitandaza. Pandisha kalsiamu zikiwa zimefunika karibu asilimia 70 ya sahani, na ziwe zimefunika kiasi hicho hicho katika kila sahani unayolinganisha. Kumbuka pia kwamba kioevu chako kina EGF, ambayo yenyewe inaamsha Akt kupitia EGFR; weka kundi moja lisilo na EGF kwa saa kadhaa kabla ya kalsiamu, la sivyo hutaweza kutenganisha Akt inayotokana na kushikana kwa seli na Akt inayotokana na kichochezi ulichokiweka mwenyewe.

Na utumie seli za watu watatu angalau, kila mmoja peke yake, bila kuzichanganya. Keratinosaiti za govi la mtoto mchanga na zile za ngozi ya mtu mzima hazikomai kwa kasi moja, na tofauti hiyo utaitaka ionekane kwenye jedwali lako badala ya kuzama kwenye wastani.